Uzi wa Milimita Kumi na Saba

Daktari bingwa wa kifua alikuwa ameshampata mwenye kosa kabla Inspekta hajavuta kiti. Kosa ni la nesi. Alilisema hilo huku akikunja mikono ya koti lake jeupe, taratibu, na uso wa mtu aliyekwisha maliza kazi ya siku.

"Karatasi ya chumba cha sindano huandikwa na nesi," alisema. "Nesi ameandika kwamba sindano ya pili ilitoa damu tupu. Maabara wamepokea kipande cha nyama. Sasa pima mwenyewe, nani mwongo?"

"Na umeshamsimamisha kazi."

"Jana mchana."

"Kabla mtu yeyote hajamuuliza."

"Hospitali haingojei polisi waje kuifanyia usafi."

Inspekta aliandika neno hilo, usafi, akalipigia mstari. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye viatu vizito na subira ndogo. Wezi walimbandika jina la Kupe, kwamba akishakung'ang'ania hachomoki, na jina lilipomfikia kituoni hakuweka kinyongo. Leo hata ile subira ndogo ilikuwa imepungua. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo asubuhi, na ikitimu saa nane mchana, ghorofa moja juu ya hapo, fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, angelazwa mezani akatwe nusu ya pafu lake la kulia.

Aliyeleta shauri kituoni ni dada yake mkubwa, mpishi wa shule. Alianza kulalamika hospitalini, akajibiwa kwa nesi kusimamishwa kazi, na jioni akaja polisi bado kajifunga aproni. "Mdogo wangu alichomwa sindano mbili," alisema pale kaunta. "Ya pili alimsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe akisema, hii nayo imetoka tupu. Leo karatasi ya majibu inasema hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha saratani. Mimi shule sikufika mbali, lakini tupu ni tupu." Askari wawili wa zamu walicheka. Inspekta hakucheka, na waliocheka aliwapa kazi ya kufagia stoo.

"Hizo sindano," alimwambia daktari sasa, "nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Uso wa daktari ukachangamka. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akizilinganisha sindano mbili za kuchukulia kipande cha pafu, ya zamani na mpya. Mgonjwa mwenye uvimbe karibu na mbavu analazwa, mashine ya ultrasaundi inaonyesha ulipo, anachomwa ya zamani, halafu anachomwa mpya palepale. Kila sindano ina kichupa chake. Kifuniko cheupe ni cha ya zamani, chekundu ni cha mpya, na maabara hawaambiwi rangi ipi ni ya sindano ipi, ili wasipendelee. Alivuta droo akatoa pakiti mbili.

"Ona hapa. Ndani kuna chuma chembamba chenye pengo ubavuni. Hilo pengo ndilo mdomo. Chuma kinaingia kwenye uvimbe, ganda la nje linafyatuka, linakata, nyama inabaki mdomoni. Inatoka kama uzi."

"Uzi wa urefu gani?"

"Hauwezi kuzidi mdomo. Ya zamani mdomo wake ni milimita ishirini. Mpya ni kumi tu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mdomo mrefu unapitiliza uvimbe mdogo, unajeruhi pafu zima, hewa inavuja. Huu unakata pale pale unapotakiwa."

"Imefaulu?"

"Kwa wagonjwa tisa katika kila kumi. Nimelitangaza hilo mwenyewe mbele ya mkutano wa madaktari."

"Lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Na jaribio limekwisha lini?"

Daktari aliukunjua mkono wa koti aliokuwa ameshaukunja. "Ijumaa."

Yaani matokeo yalitangulia jaribio. Inspekta hakulisema hilo, aliliandika. Aliomba sindano moja mpya, akapewa kwa ukarimu mkubwa, na mlangoni akaongezewa la bure: yule nesi alikuwa na kinyongo. Aliomba cheo cha kuongoza wodi mwaka jana akanyimwa, na aliyemnyima ni daktari huyuhuyu.

Kinyongo ni kitu. Inspekta alishapeleka watu jela kwa visa vidogo kuliko hicho, na njia nzima ya kwenda kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali alikuwa akimfikiria nesi huyo. Mtu aliyenyimwa cheo, mwenye kalamu na lebo mkononi, hashindwi kumharibia bosi jaribio lake.

Nesi alikuwa uani akifua sare zake za kazi. Alipomwona Inspekta hakuacha kufua.

"Sista, nasikia unamchukia daktari."

"Nilimchukia wiki moja. Halafu zamu zikaanza na watoto wakaugua, nikakosa nafasi."

"Kubadilisha lebo za vichupa ni kazi ya dakika ngapi?"

Hapo nesi aliacha kufua. "Sikiliza, mama. Lebo naandika kabla mgonjwa hajaingia. Nabandika kwenye kichupa chenyewe, sibandiki kwenye kifuniko. Mgonjwa anashikishwa kichupa chake mkononi, anasoma jina lake kwa sauti, ndipo analala. Asiyejua kusoma namsomea naye anaitikia. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo. Kamuulize yule mama wa cherehani."

Inspekta alikuwa ameshamuuliza, saa moja asubuhi, kando ya kitanda chake. Mgonjwa alisoma jina lake mara mbili, kwenye kichupa cha kifuniko cheupe na cha kifuniko chekundu, na alikumbuka kwamba mwandiko ulikuwa mzuri. Basi lebo hazikuwa na tatizo, na nadharia ya kinyongo ikafia hapo uani, kwenye povu la sabuni. Ikiwa nje ya kichupa ni sawa, kilichoharibika ni kilichomo ndani.

"Asubuhi ile kulikuwa na wagonjwa wangapi?"

"Wawili. Huyo mama, halafu mwashi mmoja, mjenzi wa nyumba. Mama alichomwa ya zamani, zikatoka chembechembe na damu. Akachomwa mpya, ikatoka damu tu. Daktari akaitupa kwenye trei kwa hasira. Nikaandika nilichokiona: tupu."

"Na mwashi?"

"Ya zamani ilichomwa mara mbili. Ya kwanza uzi mfupi, ya pili uzi mrefu, mzuri sana. Nikaandika nyuzi mbili. Halafu akashikwa na kikohozi hata kulala hawezi, ikabidi tuache. Sindano mpya hakuchomwa. Daktari akasema, huyu ameshaharibika, mtoeni kwenye jaribio."

"Ameshaharibika?"

"Ndivyo alivyosema, na mwenyewe analala pale anasikia. Nikamweka kwenye kiti cha magurudumu nikampeleka eksirei, tuangalie kama hewa inavuja. Foleni ya eksirei unaijua. Nusu saa."

"Vichupa vilikuwa wapi hiyo nusu saa?"

"Kwenye trei. Niliporudi vilikuwa vimefungwa vizuri."

"Chumbani alibaki nani?"

Nesi alitazama mikono yake iliyonyauka kwa maji. Ameambiwa asizungumze na mtu, alisema, la sivyo kusimamishwa kutageuka kufukuzwa.

"Sista, kuna mtu anakatwa saa nane."

"Alibaki daktari," alisema nesi. "Peke yake."

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo, na mwenye maabara alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Hospitali nzima ilimwita Milimita, na hata yeye akipokea simu alijitaja hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kuharakisha majibu, rudi kesho."

"Nimekuja kusoma majibu ya zamani."

Mzee alimwangalia, akaona amepata mgeni wa maana, akafuta kiti kwa mkono wa koti. Kuna daftari la hospitali, alieleza, linaloandikwa jibu tu, na kuna daftari lake. Kila kipande kinachoingia humo, kabla hakijakatwa wala kutiwa rangi, yeye hukilaza kando ya rula, hukipima, hukichora kwa penseli. Hakuna aliyemwagiza. Madaktari hawajawahi hata kuomba kuliona, na vijana wa maabara humcheka, lakini ndivyo alivyofundishwa kazi na ndivyo atakavyoiacha.

Inspekta alimpa tarehe. Mzee alilamba kidole akafunua kurasa.

"Huyu hapa, mama wa cherehani. Kifuniko cheupe: chembechembe, damu, haitoshi. Kifuniko chekundu: uzi mmoja, haukukatika, milimita kumi na saba. Saratani."

"Na mwashi?"

"Cheupe: uzi mmoja, milimita sita. Nyama ya ukuta wa kifua tu, pafu halimo. Niliandika warudie kuchukua. Chekundu hakikuja."

"Uzi mmoja, mzee? Si nyuzi mbili?"

"Nikisema mmoja ni mmoja."

Nyuzi mbili zilitoka kwa mwashi, mfupi na mrefu. Mmoja ulifika maabara. Inspekta alifungua pakiti aliyopewa na daktari, akaisukuma sindano mpaka mdomo ukaonekana, akailaza juu ya daftari karibu na ule mchoro wa penseli.

"Nipimie mdomo huu."

Mzee alichukua rula. Alipima mara moja, akavaa miwani mingine, akapima tena. "Kumi."

"Hiyo ndiyo sindano ya kifuniko chekundu."

Mzee aliirudisha rula kwenye mchoro wake, akaupima upya.

"Uzi unaweza kurefuka ukikaa kwenye dawa?" Inspekta alimuuliza.

"Unanywea. Fomalini inakaza kila kitu. Huu ulipotoka mwilini ulikuwa mrefu kuliko hapa." Aliweka rula mezani. "Huwezi kukata kitambaa cha mita mbili kwenye kitambaa cha mita moja. Sindano hii haikuukata uzi huu, mama. Umekatwa na nyingine yenye mdomo mrefu."

"Na kile kioo cha hadubini chenye uzi wenyewe kipo?"

"Vioo vyangu vyote vipo." Kisha uso ukamkunjamana, akawa kama anajigombeza mwenyewe. "Nilipima, nikachora, nikageuza ukurasa. Sindano yenyewe sikuwahi kuonyeshwa. Ati tusipendelee. Tungeonyeshwa siku moja tu, mama, moja tu, ningeliona hili siku ileile."

Alilichukua daftari na kioo, akazima taa ya hadubini, akasema wanakwenda wote.

Ilikuwa saa saba na nusu. Fundi cherehani alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, nywele ndani ya kofia ya karatasi, dada yake akimshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu. Daktari mpasuaji, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, alimsikiliza Inspekta huku akitazama saa.

"Siwezi kusimamisha upasuaji kwa neno la polisi na rula," alisema. "Nikimrudisha wodini na kumbe saratani ni yake, nimemuua kwa kumchelewesha. Aliyechukua kipande aniambie kwa kinywa chake."

"Mwite," alisema Inspekta.

Daktari bingwa alikuja akiwa ameudhika, kwa mwendo wa mtu aliyekatizwa chakula. Inspekta alimvuta kando, mbali na kitanda, akampa sindano.

"Mdomo wa hii ni milimita ngapi?"

"Nilikwambia asubuhi. Kumi."

"Inaweza kutoa uzi wa kumi na saba?"

"Haiwezekani. Ndiyo maana ya..." Aliliona daftari mikononi mwa Milimita, na sentensi ikamfia mdomoni.

"Kichupa chekundu cha mama yule kilikuwa na uzi wa kumi na saba."

"Mzee huyu macho yake yamechoka."

"Yamechoka," alikubali Milimita. "Kioo hiki hapa. Apime daktari mpasuaji."

Daktari mpasuaji alikiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Hakuhitaji rula kuona kwamba ule uzi wa rangi ya waridi unakaribia mara mbili ya mdomo wa sindano. Alikirudisha kwa uangalifu.

"Mimi ndiye nitakayeshika kisu," alisema. "Sikuulizi mambo ya jaribio lako. Nakuuliza, pafu ninalokwenda kulikata ni la mwenye saratani?"

"Sijui."

"Uzi ni wa nani?"

"Wa yule mwashi," alisema daktari bingwa. Mara moja akaanza kueleza, haraka haraka, kwamba hakukusudia ubaya. Sindano mpya ilikuwa imetoa damu tupu kwa wagonjwa watatu mfululizo wiki ile, na yeye ameshatangaza tisa kwa kumi. Alitaka tu kichupa kisiende kitupu. Alidhani uzi ungekuwa safi, majibu yangerudi hayana kitu, na mama angechomwa tena baadaye. "Yule mwashi hakuwa kwenye jaribio. Uzi wake haukuwa na kazi."

Haukuwa na kazi. Miaka ishirini na saba ya kazi Inspekta alikuwa amekaa meza moja na wauaji waliolia, na wezi walioomba radhi, na hata wale walioua kwa hasira walijua kwamba waliyemdhuru ni mtu. Huyu alikuwa anamweleza habari ya mabaki.

"Jibu liliporudi saratani," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa sababu aliogopa kuiachia, "ulifanya nini?"

"Ningesema, jaribio lote lingetupwa."

"Kwa hiyo ukaona bora atupwe yeye. Wiki tano umepita mbele ya kitanda chake unamwambia pole. Umemsimamisha kazi nesi aliyeandika ukweli. Na leo umekwenda kula, ukijua saa nane wanamfungua kifua mtu ambaye hujui hata kama anaumwa."

"Nilifikiri huenda anayo na yeye. Uvimbe upo kwenye picha."

"Huenda," alisema daktari mpasuaji. Alivua kofia yake, akaandika mistari miwili kwenye faili kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi, akamfanya mwenzake atie sahihi chini yake. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kitanda, hakumwachia mtu mwingine, akakigeuza kielekee wodini.

Mpishi wa shule alimsikiliza daktari mpasuaji akieleza, mpaka mwisho, bila kumkatiza. Alipomaliza, alimpita, akaenda kusimama mbele ya daktari bingwa, akamtazama usoni kwa muda, akarudi kuushika mguu wa mdogo wake.

"Kwa hiyo sina?" aliuliza fundi cherehani.

"Hatujui, dada yangu," alisema Inspekta. Hakutaka kumdanganya, wa kumdanganya walikuwa wametosha. "Utachomwa upya, na mikono mingine. Lakini leo hukatwi."

Mwanamke yule alifumba macho. Machozi yakashuka pembeni mpaka kwenye kofia ya karatasi. Kisha akayafumbua.

"Basi hiyo saratani ni ya mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Yeye ana habari?"

Inspekta aligeuka kumwangalia daktari bingwa, ambaye alikuwa amesimama kati ya askari wawili walioitwa kutoka kituoni, akitazama sakafu. "Mlimwambia nini yule mwashi?"

"Kwamba hana kitu," alisema daktari. "Tulimpa dawa ya kikohozi."

Maabara walikuwa wameandika warudie kuchukua. Hakuna aliyerudia. Hakuwa kwenye jaribio.

Kwenye gari daktari aliuliza kama wanakwenda kituoni. Alikaa nyuma, amevua koti jeupe, amelikunja vizuri mapajani juu ya pingu. Inspekta alisema kituo hakihami. Alikuwa na anwani kutoka kwenye faili, na mke wa mwashi aliyepokea simu alikuwa amesema kwa furaha kwamba mume wake hayupo, yupo kazini, siku hizi haumwi.

Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Mwashi alikuwa juu ya jukwaa la mbao akipanga matofali, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, shati likimpwaya mwilini kama la kuazima. Aliona gari, akaona nani ameteremshwa, akauacha mwiko juu ya ukuta na kushuka ngazi upesi. Alipofika chini alikohoa, ameshika goti, akasubiri kikohozi kipite.

"Vumbi la saruji," alisema, akicheka. "Daktari wangu. Jamani, huyu ndiye yule niliyewaambia." Wenzake wawili walisimama na ndoo zao wakaitikia salamu. "Tangu uliponiambia sina kitu, siku ya tatu yake nilirudi kazini. Mama watoto ananisumbua kila siku, nenda kamshukuru yule mtu. Kumbe umenifuata mwenyewe."

Alipangusa mkono kwenye suruali, pande zote mbili, akaunyoosha. Daktari aliutazama ule mkono. Koti alilofunikia mikono lilianguka, na pingu zikaonekana.

Mwashi aliziona. Akamtazama Inspekta, kisha askari, kisha daktari tena, na mkono wake bado alikuwa ameunyoosha.

"Mwambie," alisema Inspekta. "Mimi si daktari."

"Aniambie nini?" aliuliza mwashi.